Nani Alimwagia Mahindi ya Bwana Shamba

Niliolewa Wusi, milimani, nikitokea Marungu kule tambarare, na mwaka wangu wa kwanza kule juu niliishi kama mtu anayechungwa. Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, ambaye ndiye mume wangu, alifanya kazi ya reli Voi, kubadilisha njia za treni pale stesheni, na nyumbani alifika mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo tulibaki wanawake wawili ambao hatukuwa tumechaguana. Nikichota unga, nilijua macho yake yako kwenye mkono wangu. Nikichelewa mtoni, nilimkuta kwenye kona ya nyumba akijifanya anaanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Sikumlaumu sana. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Serikali ilikuwa imewatoa watu kuchimba matuta kwenye miteremko, wapende wasipende, na waliokuja kupima matuta walikuja na kamba na vigingi. Watu wakasema anayepima shamba lako leo atakuwa na lake la kusema kesho. Habari za huko bara, za watu kukamatwa na kuhamishwa, zilitufikia nusunusu, na nusu tusiyoisikia tuliijaza wenyewe.

Wakati wa masika akaja bwana shamba. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa ziwa, Kiswahili chake cha shule, kofia yake pana, na viatu ambavyo matope yetu mekundu yalikuwa yameshaviharibu. Alimwomba mama mkwe kona ya uwanja, karibu na ghala, aweke madebe mawili. Alisema anataka kujua mmea wa mahindi unakunywa maji kiasi gani na unayapeleka wapi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha uji, akamkubalia. Alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini amekubali, maana nilimwona hakupenda.

"Nikimkataa atakwenda kusema naficha kitu," akaniambia. "Akiwa hapa, nitamwona anachofanya."

Madebe yalikuwa yale ya mafuta ya taa, yamekatwa juu, hayana tundu hata moja chini. Yote mawili aliyajaza udongo wa shamba letu, ambao kwanza aliuanika juani kwenye turubai mpaka ukawa vumbi, kisha akaupima. Katika debe moja alipanda mbegu ya mahindi. Lingine aliliacha na udongo mtupu. Akasimamisha miti mitatu, akaning'iniza mizani, na akawa anakuja asubuhi na jioni kuyapima madebe yake kama mtu anayenunua na kuuza peke yake. Maji aliyatia mwenyewe, kwa kikombe, na alituomba tusiyaguse.

Watu walipita wakatazama. Wengine walisema anapima rutuba ili serikali ijue mashamba ya kuchukua kwanza. Mwanamke mmoja jirani alisema udongo ule ukishapimwa hautazaa tena.

Siku moja, mahindi yalipofika magotini, bwana shamba alijaribu kutueleza. Alishika jani akalielekeza juani. Alisema upande wa chini wa jani kuna vinywa vidogo mno, macho hayavioni. Mchana vinafunguka ili jani livute hewa, na kwa kuwa vimefunguka, maji yaliyopanda kutoka mizizini yanatokea hapo hapo na kupotea. Mmea hauwezi kuingiza hewa bila kupoteza maji. Ndiyo maana debe linapungua uzito mchana wa jua kali. Usiku vinywa vinafunga, na debe linalala karibu na uzito wake.

Mama akamuuliza mahindi yanataka hewa ya nini.

"Ndiyo chakula chake, mama. Ukichoma bua la mahindi unapata makaa, sivyo? Yale makaa hayakutoka kwenye udongo. Yalitoka kwenye hewa."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe yake. Halafu akasema, "Kama mahindi yanakula hewa, mbona unatuambia tubebe samadi?"

Bwana shamba akacheka, akaanza kueleza kwamba samadi ni kama chumvi kwenye chakula, lakini mama alikuwa ameshaacha kusikiliza. Jioni aliniambia mtu anayedanganya kitu kikubwa namna hiyo lazima ana sababu kubwa.

Katikati ya mwaka dada yangu alijifungua, nikaruhusiwa kushuka Marungu kumsaidia. Nilikaa huko wiki kadhaa. Niliporudi nilibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, na mbegu za kunde alizonipa mama yangu, zimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Mama mkwe alipokea kibuyu akashukuru. Kitambaa alikiangalia muda mrefu.

Wiki hiyo hiyo niliyorudi ndipo baridi ilipoingia. Mvua ilikuwa imekwisha kabisa. Jioni ukungu ulishuka kutoka kileleni ukafunika migomba, ghala, hata jiko, na ukakaa mpaka jua lilipopanda sana. Mimi mtu wa tambarare sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Nililala na blanketi mbili na bado meno yakagongana.

Na wiki hiyo hiyo debe la mahindi likaanza kuongezeka uzito.

Bwana shamba alilipima asubuhi, akaligusa, akalipima tena. Alikagua mizani. Alipima debe la udongo mtupu, na hilo likawa vile vile lilivyolala, pengine limeongezeka kidogo tu, jambo ambalo halikumshughulisha. Lakini lile lenye mahindi lilikuwa zito kuliko jioni. Alidhani amekosea. Kesho yake likawa hivyo tena. Kesho kutwa yake akatuita uwanjani, mimi na mama, na uso wake haukuwa ule tuliouzoea.

"Kuna mtu anamwagia mahindi yangu maji usiku," alisema.

Mama akasema hakuna mtu. Bwana shamba akasema maji hayaingii kwenye debe yenyewe, na mvua haijanyesha, na kama ingekuwa mvua basi debe lile lingine nalo lingezidi vile vile. Mtu huyu anachagua. Anayapa maji mahindi peke yake. Halafu akanigeukia mimi.

"Shemeji, wewe ndiye unayechota maji hapa. Labda uliyaonea huruma?"

Nilisema sijagusa debe lake. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia lakini hajakubali. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mama mkwe hakunitetea. Alitazama mtungi wangu uliokuwa mlangoni, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo niliona mambo yamebadilika. Mtungi wangu ulianza kukaguliwa jioni na asubuhi. Kitambaa chekundu nilikikuta kimefunguliwa na kunde zimemwagwa kwenye ungo, kana kwamba kuna mtu alitafuta kitu katikati yake. Nilizirudisha bila kuuliza. Kanisani Jumapili, benchi la wanawake lilinyamaza nilipokaa. Baadaye jirani aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekusaidia, kwamba wanasema nimeleta dawa kutoka Marungu. Wengine wanasema si dawa, ni kwamba namtunzia bwana shamba mahindi yake kwa sababu nampenda. Ati hata yeye ananiita shemeji.

Na mimi sasa nikaanza kushuku. Nilijua si mimi. Basi ni nani? Bwana shamba mwenyewe hakulala kwetu. Aliyebaki ni mama mkwe. Nilifikiri hivi: hakunitaka tangu mwanzo, alitaka mwanawe aoe msichana wa huku juu, sasa anamwaga maji gizani ili lawama iniangukie. Nikawa namtazama anavyobeba kibuyu chake. Alipokohoa usiku nilikaa nikisikiliza kama mlango utalia. Tulikuwa tunakula sahani moja na kila mmoja anahesabu nia ya mwenzake.

Jioni moja, kabla ya kulala, nilichota majivu ya jikoni nikayanyunyiza kuzunguka madebe. Nilitaka nyayo. Asubuhi nilitoka mapema, bado ukungu mzito, nikainama kutazama. Hakukuwa na nyayo. Majivu yalikuwa yamelowa na kushikana kama uji uliopoa. Nilisimama pale, nikajiambia: amekuja, ameona majivu, ameyamwagia maji ili kufuta nyayo zake. Sikufikiri kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshaamua nitakachokiona kabla sijatoka ndani.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu.

"Majivu haya ni ya nini?" akauliza.

Nilimwambia nilitaka kumjua anayemwaga maji. Lakini alishayaona majivu, na duara, na mimi nimeinama katikati ya ukungu kabla ya watu kuamka, na nilijua maelezo yangu hayatamfikia. Alirudi ndani kinyumenyume.

Bwana shamba naye alikuwa na mbinu yake. Jioni alianza kuyavika mahindi gunia, kuanzia ncha ya jani la juu mpaka ukingo wa debe, na kulifunga kwa kamba yenye fundo alilolijua yeye. Asubuhi alikuta fundo halijaguswa. Gunia lilikuwa na unyevu, lakini kila kitu kilikuwa na unyevu majira yale, hata chumvi jikoni. Akavua gunia, akapima debe. Halikuwa limeongezeka. Akayavika tena usiku uliofuata, na tena halikuongezeka.

"Mmeona?" alisema. "Nikifunika, maji hayaingii. Basi ni mtu."

Hapo hata mimi niliamini. Palikuwa na mtu. Na mama mkwe aliamini kuliko sote, kwa sababu siku hiyo hiyo alimtuma mchuuzi aliyekuwa anateremsha kabichi Voi kwenda kupakiwa kwenye treni. Alimwambia amwone mwanawe stesheni na kumpa maneno machache: aje aangalie nyumba yake.

Mume wangu hakungoja mwisho wa mwezi. Alifika Jumamosi jioni, amedandia lori mpaka barabara ilipokomea, kisha akapanda kwa miguu. Alikuwa na koti lake la kazini, lile zito la sufu walilopewa kwa zamu za usiku. Alinisalimia vizuri. Aliniletea sukari. Hakuuliza kitu, na kwa kuwa hakuuliza, nilijua ameambiwa yote.

Walizungumza na mama yake kwa Kidawida, lugha yao ya kule juu, sauti za chini, nikiwa jikoni. Wakati wa chakula bwana shamba alipita kuaga, kama kawaida yake baada ya kupima, na mume wangu akatoka kumpa mkono. Walisimama muda kidogo. Nilimsikia mume wangu akimwomba usiku huo asiyafunike mahindi. Bwana shamba akauliza kwa nini. Mume wangu akasema tu, "Yaache wazi."

Nilielewa. Nililala nikielekea ukutani. Sijui ni wakati gani alitoka. Nilipopapasa upande wake palikuwa baridi, na koti halikuwapo kwenye msumari. Nilikaa kitandani nikiwa nimejifunika mabegani, nikawaza jinsi mwanamume anavyoweza kukuletea sukari jioni na usiku akaenda kukuvizia.

Alirudi kulipopambazuka. Mama alikuwa ameshawasha moto, nami nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Ukungu ulikuwa mwingi hata ghala halionekani. Aliingia akasimama katikati ya jiko, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye koti lake kwenye sakafu. Nywele zake zilikuwa zimejaa matone meupe. Nyusi pia.

Mama akainuka. Aliushika mkono wa koti akauminya, na maji yakatoka kati ya vidole vyake.

"Mvua imenyesha?" akauliza.

"Haijanyesha," alisema mume wangu. "Nimekaa kando ya ghala usiku kucha, nje, pale pale. Hakuna mtu aliyekuja."

Alijitazama kifuani, akatazama maji yaliyotapakaa chini, na nikaona jambo linamjia polepole. Alitoka tena. Tulimfuata. Alikwenda mpaka kwenye debe na kusimama, na sote watatu tukatazama mahindi kama watu wanaoyaona mara ya kwanza. Kila jani lilikuwa limejikunja kama mfereji, na ndani ya kila mfereji maji yalikuwa yanatambaa kuelekea kwenye bua. Kwenye bua yalikuwa yanashuka, kimya, mpaka udongoni. Udongo chini ya bua ulikuwa mweusi kwa maji. Debe lile lingine, lisilo na jani la kukamata kitu, lilikuwa na unyevunyevu juu tu.

Bwana shamba alipofika, mume wangu alimshika mkono akauweka chini ya jani. Kijana yule alisimama hivyo, kiganja kikijaa maji, na kofia yake pana ikidondosha matone pembeni. Halafu akapima. Debe lilikuwa zito kama zile asubuhi nyingine.

"Ukungu," alisema. "Unapita hapa na majani yanauchuja. Na mimi nikiyavika gunia, gunia ndilo linakunywa." Alivua kofia akaikung'uta. "Kwetu ukungu hauko hivi."

Mama mkwe alisema wao wanajua tangu utotoni kwamba ukungu unalowesha nguo. Lakini kulowa ni kulowa tu. Nani angefikiri una uzito wa kuonekana kwenye mizani?

Bwana shamba aliniomba radhi. Aliniita mama safari hii, si shemeji, na hakuniangalia usoni. Nilimwambia yamepita. Mama mkwe hakuomba radhi. Alirudi jikoni, akapakua uji, na bakuli la kwanza akanipa mimi mbele ya mwanawe. Nilijua hilo lilimgharimu, nikalipokea kwa mikono miwili.

Siwezi kusema shaka iliisha hapo. Nilikuja kusimuliwa kwamba mahindi yalipokomaa na kukauka, bwana shamba aliyakata, akayang'oa mizizi, akaumwaga udongo wa debe kwenye turubai na kuukausha kama mwanzo. Alipoupima ulikuwa karibu sawa na aliouweka. Kisha akapima bua, majani na magunzi, na vyote hivyo vilikuwa na uzito wa kutosha kuinamisha mizani. Alimwonyesha mama. Akamuuliza, kama haya yote hayakutoka kwenye udongo, yametoka wapi?

Mama alisema yametoka wapi ni yeye anayejua, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na mizani. Baadaye aliwaambia wanawake wenzake kwamba yule kijana aliongeza udongo mama mwenyewe alipokuwa shambani. Bwana shamba alihamishwa kabla ya vuli, na mama alikuwa na maelezo ya hilo pia.

Lakini mimi mahindi hayakuwa tena shida yangu. Asubuhi ile ile ya koti, watu walipotawanyika, nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba akilianika kwenye ua.

"Ulikuwa unamngoja nani kule nje?" nilimuuliza.

Alikunjua mkono wa koti, akaukunja, akaukunjua tena. "Nilitaka kuona kwamba hakuna mtu."

"Na kama ungeona mtu?"

Alianza kulikung'uta koti. Nilimwambia kwamba akishuka Voi nitashuka naye, na sitabaki tena nyumba ambayo nachungwa na mama mchana na mtoto wake usiku. Nilitarajia abishe. Hakubisha. Mama naye hakubisha. Alinifungia maharagwe na viazi kwenye kikapu, na zile kunde zangu akazirudisha kwenye kitambaa chekundu, akafunga mwenyewe.

Voi tulipewa chumba kwenye nyumba za reli, ukuta kwa ukuta na familia zilizotoka magharibi, ambazo zilipika samaki mkavu na kucheka kwa sauti. Joto lilinirudishia mwili wangu. Niliamka na treni, nikalala na treni. Mume wangu alipokuwa na zamu ya usiku, alirudi kabla ya jua, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Lakini hakuutumia. Alibisha hodi.

Mwanzoni hilo lilinichoma. Nililala nikijiuliza anabisha ili iweje, kama anampa nafasi mtu wa ndani atoroke asimwone, au anataka kusikia nitachelewa kiasi gani kufungua. Nilifungua haraka kila mara, hata ndoto ikiwa haijanitoka, na nilijichukia kwa kuharakisha. Miezi ilipita hivyo. Hatimaye nikamuuliza kwa nini anabisha mlango wake mwenyewe.

Alikuwa amekaa kitandani akivua viatu. Alisema, "Nabisha ili ujue ni mimi, na ujue sikuja kimyakimya."

Nilimmiminia chai, nikaketi kando yake, tukasikiliza treni ya mizigo ikivutwa kuelekea Mombasa.